Nani Aliyemtwika Mpagazi?

Katika lugha ya Kiingereza liko neno fupi, "load", ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema kuwa maana yake ni mzigo. Siku ya pili huambiwa kuwa neno hilohilo, bila kuongezwa herufi wala kupunguzwa, ni kitenzi pia. Huandika maana zote mbili daftarini, akaendelea na masomo yake. Mfasiri hawezi kuendelea hivyo. Kila anapolikuta neno hilo katika habari za misafara ya bara, na humo limejaa tele, hana budi kusimama na kuuliza swali ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulazimika kulijibu: nani alimtwika nani, na kwa ridhaa ya nani?

Kiswahili katika jambo hili ni lugha yenye kudadisi. Mzigo ni nomino isiyo na kitenzi chake. Mwenye kutaka kulitaja tendo hana budi kuchagua. Shehena hupakiwa chomboni, na kwetu sisi watu wa visiwani neno hilo lina harufu ya jahazi na chumvi. Kichwani, mtu hutwikwa. Begani mtu hupagaa, na akibebeshwa na mwingine hupagazwa. Huko ndiko alikotoka mpagazi. Kitenzi hicho kimetupa pia kupagawa, hali ya mtu aliyepandwa na pepo, kana kwamba pepo naye ni mzigo na mwenye pepo ni mpagazi asiyepatana ujira. Sijapata kuona katika Kiingereza shina moja lililowakusanya pembe ya ndovu na shetani.

Lakini tusijisifu upesi. Kutwika si tendo la udhalimu peke yake. Mwanamke aliyejaza mtungi kisimani humwambia mwenziwe, "Nitwishe, dada," kwa kuwa mtungi uliojaa hauinuliki na mtu mmoja hadi kichwani. Na afikapo nyumbani huomba atuliwe. Kitenzi kinawataja watu wawili, kisha kinanyamaza. Hakisemi kama yule mwenye kutwika ni bwana au ni jirani. Hilo ameachiwa msimuliaji. Tofauti ni kwamba msimuliaji wa Kiswahili amekwisha kukiri kuwa watu walikuwa wawili, ilhali "load" haimdai ungamo hilo. Msafara huweza kuhesabiwa kwa "loads" zake tu, mia au mia mbili, na kila moja ikawa ni mtu mwenye shingo na mabega, aliyeyeyuka ndani ya kile alichokichukua.

Wajuao asili ya maneno wanatwambia kuwa katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya njia na mwendo. Kwanza ilikuwa njia. Kisha likawa jina la kile kinachochukuliwa njiani. Na mwisho, baada ya karne nyingi, likawa kitenzi cha kukiweka kitu hicho juu ya mwingine. Mtu angeweza kuiandika historia ya Unyanyembe kwa mpangilio huohuo.

Itetemia, kando ya mji wa Tabora, ni mahali pa watemi wa Unyanyembe. Na mtemi mwenyewe ni nomino yenye kitenzi ndani yake, kutema, yaani kukata, kwa kuwa ndiye mkata msitu na mkata shauri. Katika nchi hiyo ndipo zilipokutana njia ya kutoka pwani, njia ya Ujiji, na njia ya kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika huko, Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Stanley, mwaka 1871, alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na jungu lake na mkeka wake. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu wa huku, aliandika kuwa Wanyamwezi waliuhesabu upagazi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wao walizoezwa tangu utotoni kwa kuchukua pembe ndogo. Walikuwako pia Wanyamwezi waliokuja pwani na misafara yao wenyewe, na pembe zao wenyewe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwa urefu kuwa wengi wa wapagazi hawa walikuwa watu huru wafanyao kazi kwa ujira, wenye desturi zao za safari, waliojua kugoma na kujua kuondoka.

Mtu wa namna hiyo alijitwika. Kiambishi kile cha silabi moja, ji, ndicho kinachomtenga na mtumwa aliyetembea katika msafara uleule, pengine chini ya pembe ya uzito uleule. Aliyesimama kando ya njia akatazama asingeiona tofauti. Macho huona mzigo na kichwa chini yake. Tofauti ilikuwa katika kitenzi.

Ndiyo maana nikalistaajabia neno la alfajiri. Miongoni mwa makelele ya kuamsha kambi Burton anataja "pakia", likikaririwa. Hilo ni neno letu la bandarini, limepanda bara pamoja na kaniki na shanga, na huko likaambiwa wanadamu. Si "jitwikeni" bali "pakia", amri isiyotaja mtendwa, kana kwamba mabega ya wasafiri yalikuwa ni ngama ya chombo. Hapa Kiswahili chenyewe kimefanya lile ninalolilalamikia katika Kiingereza. Nadhani haraka ya asubuhi haina nafasi ya viambishi. Na wenye kupaza sauti ile mara nyingi walikuwa wapagazi wao kwa wao.

Jina la Bagamoyo nalo hutiwa katika mzozo huu. Wengi hulisikia kuwa ni "bwaga moyo". Wengine husema huo ni moyo wa mpagazi aliyeiona bahari, akautupa mzigo na uchovu kwa pamoja, akapumua. Wengine husema ni moyo wa mtumwa aliyeiona bahari ileile akajua kuwa harejei kwao. Sina haja ya kuwaamua. Ninachokiona ni kuwa maneno hayo mawili, kitenzi na nomino, hayakubadilika hata kidogo baina ya tafsiri hizo mbili. Aliyebadilika ni mwenye moyo.

Mwezi Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake ili asikamatwe na Wajerumani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na ungedhani kuwa hapo shingo za watu zimepumzika. Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vikazirudisha chini ya mizigo, safari hii kwa amri zaidi kuliko kwa mapatano. Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, na wachukuzi wa majeshi yote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kitenzi cha Kiingereza cha kuchukua kikavaa nomino, nomino ikawa jina la kikosi, na jina la kikosi likawa Kariakoo, soko la Dar es Salaam. Leo mtu hununua kitunguu pale bila ya kumsikia mchukuzi ndani ya jina. Nasi tumefanya hivyohivyo na neno letu: uchukuzi, iliyokuwa kazi ya mabega, sasa ni jina la wizara yenye ndege na treni. Kiambishi u kina tabia hiyo ya kuwafuta watu.

Nimeiacha mwisho habari inayonisumbua zaidi mezani kwangu. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, watumishi wake, Abdallah Susi na James Chuma wakiwa mbele yao, waliukausha mwili wake na kuuchukua hadi Unyanyembe. Huko walimkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wauzike papo hapo. Walikataa. Mbele ya hapo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Wakafunga mabua katika nguo kwa umbo la maiti, wakayarudisha upande wa Unyanyembe kana kwamba yanakwenda kuzikwa; na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo la kawaida. Basi mabua yakapewa heshima ya maiti, na mtu akawa mzigo ili apite.

Hapa Kiingereza kingetosheka na neno lake moja. Lakini aliyewaajiri amekufa, afisa amewaambia watue, na njia ya kufika pwani ingali ndefu. Siwezi kuandika kuwa walitwikwa, kwani sioni aliyekuwepo kuwatwika. Nimeandika "wakajitwika". Februari 1874 walifika Bagamoyo, ambako mwili ulipokewa na wenye mamlaka. Katika wote waliouchukua, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nao hadi Uingereza, na Susi na Chuma wakabaki pwani. Nilitafuta kwa siku kadhaa kitenzi cha mahali hapo, baina ya kupakua, kubwaga na kukabidhi. Nimeandika "wakautua", na nimekiacha hivyo.