Mzinga Mwepesi

Mzinga wa nyuki haufunguliwi ovyo wakati wa baridi. Ukifunua kifuniko, joto walilolitafuta usiku kucha linatoka lote. Kwa hiyo unazunguka nyuma, unashika ukingo wa chini kwa mkono mmoja, unauinua upana wa vidole viwili, kisha unaushusha taratibu. Mkono ndio mizani. Ukiwa mzito kana kwamba umepigiliwa misumari chini, wana chakula. Ukinyanyuka kirahisi, wana njaa.

Nilifundishwa hivyo Oktoba iliyopita na mzee mmoja mstaafu anayefuga makundi manne ya nyuki katika bustani moja kaskazini mwa Uingereza. Aliniomba nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulikataa, nikawa simwiti jina lolote. Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nifike kusoma shahada ya uzamili. Nilimfuata kwa sababu ya upweke, na kwa sababu nimekulia Sikonge, mkoani Tabora, ambako babu yangu ana mizinga ya magome juu ya miti ya miombo. Nilidhani nawajua nyuki.

Sikuwajua hawa. Nyuki wa kwetu wakikosa maua, wanahama. Unakwenda asubuhi, unakuta masega matupu na siafu wakipita, basi. Hakuna anayelaumiwa. Hawa wa huku hawana pa kwenda. Nje hakuna ua, hakuna jani. Wanajikusanya mpira mmoja, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili wapate joto, na kuni za moto huo ni asali. Kundi moja linahitaji kama kilo 18 hadi 20 kuvuka baridi. Asali hiyo mfugaji ameivuna Agosti, kwa hiyo Septemba anawarudishia sukari: kilo 2 kwa lita 1 ya maji. Baridi ikikolea maji ya sukari hayafai tena, unawawekea donge gumu la sukari juu ya fremu, pale walipojikunyata.

Kumbe mwezi wa hatari si Desemba. Ni Februari kuelekea Machi, ambapo wewe unaanza kufikiri baridi imekwisha. Malkia ameanza tena kutaga, na majana yanataka joto la karibu nyuzi 35, kwa hiyo akiba inateketea haraka kuliko mwanzo.

Mwezi huo mzee alilazwa kufanyiwa upasuaji wa goti. Akaniachia ufunguo wa kibanda na kazi moja: kila Jumapili, inua mizinga yote minne, ukiona mwepesi, madonge yamo kwenye boksi.

Jumapili ya kwanza nilikwenda. Ya pili nilikwenda, na mzinga wa tatu ulinyanyuka kirahisi kidogo. Nikajiambia labda ni mkono wangu, nitaangalia wiki ijayo. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha na nilikuwa na kazi ya kukusanya Jumatatu, maneno 4,000. Sikwenda. Ya nne nilikwenda, nikaushika, ukaja juu kama boksi tupu la viatu.

Nilipofungua niliona jambo ambalo kila mfugaji wa huku analijua: nyuki wamekufa vichwa vikiwa ndani ya vyumba vya sega, mikia nje, safu kwa safu. Walikuwa wakilamba sakafu ya ghala. Wengine walikuwa wamelala chini, rundo la kujaza ndoo ndogo. Nyuki hawafi na njaa mmoja mmoja. Wanapeana chakula mdomo kwa mdomo mpaka tone la mwisho, kwa hiyo kundi linaisha karibu kwa pamoja. Boksi la sukari lilikuwa kibandani, hatua kumi kutoka pale.

Mzee nilipompigia alinyamaza kidogo, akasema, “Hutokea. Mimi nimepoteza mengi.” Alisema kwa upole, na ninamshukuru. Lakini nilipokata simu niliona kwamba amenisamehe deni ambalo si yeye anayenidai.

Basi nani ananidai? Hapo ndipo nimekwama tangu Februari.

Nimejaribu majibu mepesi. La kwanza: ni wadudu. Sawa, ni wadudu, na sijui kama nyuki anaijua njaa yake jinsi mimi ninavyoijua yangu. Lakini jibu hilo nililitafuta baada ya wao kufa. Siku niliyopokea ufunguo sikusema ni wadudu, nilisema sawa. La pili: hata porini makundi mengi hufa na baridi. Ni kweli. Ila haya hayakuwa porini. Asali yao ilikuwa kwenye chupa, na chupa moja ilikuwa chumbani kwangu, juu ya rafu ya vitabu, nusu imeliwa. Agosti nilikuwa bado Tabora, sikushiriki kuivuna. Nilishiriki kuila tu.

Nikampigia babu. Alicheka kwanza aliposikia nyuki wanapewa sukari kama wageni wa chai. Kisha akauliza, “Sasa ninyi mmechukua chote?” Nikamwambia huku wanachukua na kurudisha. Akasema, “Sisi haturudishi. Tunaacha.” Sitaki kumfanya babu mtakatifu. Mti uliochunwa gome la mzinga hufa, na wapo warinaji wanaokomba sega mpaka majana. Lakini tofauti aliyoitaja ni kubwa. Anayeacha kitu amemaliza wajibu wake siku ileile. Anayechukua akaahidi kurudisha amejifunga kwa kila Jumapili, mvua iwe isiwe.

Kijijini mbuzi anayezurura akikosa majani, hiyo ni bahati yake. Mbuzi aliyefungwa kamba akikosa majani, watu wanauliza kamba ni ya nani. Nadhani wajibu unaanzia hapo, kwenye kamba, zaidi ya kwenye huruma. Baridi hatukuileta sisi, lakini tuliondoa walichojiwekea kwa ajili yake, tukasema tutakuwa sisi badala ya akiba yao. Na kwa wiki nne yule “sisi” alikuwa mimi peke yangu.

Bado kuna fundo moja. Nyuki kibarua wa kiangazi anaishi kama wiki sita. Wale waliokusanya asali ya kwenye chupa yangu walikufa kabla ya Oktoba. Waliokufa Februari walizaliwa mwishoni mwa msimu, ni nyuki wa baridi, wanaoweza kuishi hata miezi sita. Hawakuionja ile asali wala kuikusanya. Waliodhulumiwa ni wengine na waliokufa njaa ni wengine. Mtu akitaka kukwepa deni kwa hesabu, mlango upo.

Lakini mimi siwezi kupita mlango huo. Ada yangu ya sekondari ililipwa na asali ya babu, na babu mwenyewe alisomeshwa miaka minne na kaka yake, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia nimlipe yule marehemu. Naambiwa nimlipie ada mdogo wangu, na kila mwezi natuma. Kwetu deni halifi na mdai. Linashuka kwa anayefuata. Kundi la nyuki ni ukoo wa namna hiyo: wanakufa mmoja mmoja, wanabaki. Mpaka pale mtu anapouacha ukoo mzima ufe, na deni likakosa wa kumpokelea.

Ndiyo maana neno “hutokea” halikunitosha. Ukimkosea mtu, unaweza kumwendea. Kundi lile sina pa kulifuata. Ninachoweza ni kukubali kwamba deni hili halitalipika, na kutojifanya limelipwa kwa sababu naona aibu.

Asali nimeimaliza. Niliwaza kuitupa, nikaona kutupa kazi yao ni kosa la pili.

Mzee amerudi, anatembelea fimbo. Ufunguo hakuuomba. Mizinga imebaki mitatu. Leo ni Jumapili, mvua imenyesha tangu alfajiri, na kesho nina kazi ya kukusanya. Natafuta koti langu.