Khutba ya Ijumaa: Ujira wa Dalali Unapouza Nyumba

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ndugu zangu, ninaiusia nafsi yangu na ninawausia nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Uchamungu hauishii kwenye mkeka wa swala. Unamfuata mtu hadi mezani anapopatana bei.

Amma baad. Siku hizi watu wa Dar es Salaam na Tanga wanapanda huku kwetu kutafuta hewa baridi, na vijana wetu walioko huko wanataka nyumba za wazazi ziuzwe wagawane. Kila nyumba inayouzwa, iwe Lushoto mjini, Soni au Magamba, dalali yupo mlangoni. Nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja: "Sheikh, dalali anataka asilimia tano. Ni haki yake, au ananila?"

Kwa upande wa dini, kazi yake ni halali. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu kuhusu ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Katika Suratu Yusuf, aya ya 72, mtangazaji wa mfalme aliahidi shehena ya ngamia kwa yeyote atakayelileta kopo lililopotea, na mafakihi wakapata hapo dalili ya ju'ala, yaani ujira anaolipwa mtu kwa kuleta matokeo. Sahaba Qays bin Abi Gharaza amesimulia kuwa wao walikuwa wakiitwa madalali, Mtume (s.a.w.) akawapa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, kisha akawaonya kuwa biashara huingiwa na upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Kwa hiyo anayemdharau dalali kwa kuwa ni dalali tu, hana hoja.

Lakini swali la muulizaji lilikuwa la faida. Je, inafaa kumlipa? Jibu langu ni kwamba inategemea anakuletea nani.

Wanunuzi wa nyumba huku milimani ni wa aina mbili. Kuna jirani au mtu wa ukoo, anayejua mpaka wako umepita kwenye mgomba upi. Na kuna mgeni wa mbali, asiyejua hata njia ya kutoka Mombo. Huyu wa kwanza huhitaji mtu wa kukuletea. Unahitaji kumwendea tu na kumsalimia. Abu Rafii, aliyekuwa mtumishi wa Mtume (s.a.w.), alikuwa na vyumba viwili ndani ya makazi ya Saad bin Abi Waqqas. Akamwendea Saad anunue. Saad akasema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafii alikwishaahidiwa dinari 500, ambazo ni nyingi zaidi, lakini akamuuzia Saad kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Mafakihi wetu wa Kishafii wanaifunga haki ya shufaa, yaani kutangulizwa kununua, kwa mshirika katika mali, si kwa kila jirani. Hilo ni la kisheria. Adabu ya Abu Rafii, hata hivyo, imebaki kwa wote. Mwambie ndugu yako na jirani yako kwanza. Akinunua, hakuna asilimia ya mtu, na ukoo haugombani.

Mgeni wa mbali ni jambo jingine. Dalali anapigiwa simu usiku, anapanda na kushuka na watu ambao wengine wamekuja kutembea tu, anajua nani ana pesa na nani ana maneno. Nyumba yako ya tofali za kuchoma ikiuzwa shilingi milioni 40, asilimia tano ni milioni mbili. Ni pesa nyingi. Lakini kama bila yeye ungekaa mwaka mzima ukaishia kuuza milioni 33 kwa shida ya ada za shule, amekufaa. Tena asilimia hiyo ni desturi tu, haikuteremshwa. Mnaweza kupatana chini yake, au mkaweka kiasi kamili. Hilo la kiasi kamili ndilo ninalolipenda mimi, maana madhehebu yetu yanataka ujira wa ju'ala ujulikane tangu mwanzo.

Sasa nifike kwa yule ninayemwogopa, naye si anayetaka asilimia tano. Ni yule anayekwambia, "Mzee, wewe usinilipe hata senti. Taja bei yako tu, mimi nitajijua na mnunuzi." Unafurahi, unamwombea dua. Umetaja milioni 40, yeye anamwambia mnunuzi 52. Siku ya malipo anahakikisha hamkutani, au mkikutana anakukonyeza usitaje bei. Hicho ndicho cha juu. Umemkwepa wa milioni mbili, umemlipa wa bure milioni 12.

Wapo madalali wanaojitetea kwa kauli ya Ibn Abbas, kwamba hakuna ubaya mtu kumwambia mwenziwe auze nguo kwa kiasi fulani, na kinachozidi kiwe chake. Kauli hiyo ipo, na iko katika mlango uleule wa Bukhari, ingawa wanazuoni wengi hawakuikubali kwa kuwa ujira wenyewe haujulikani. Hata hivyo isomeni vizuri. Mwenye nguo ndiye anayesema. Anajua kuna ziada, na ameitoa kwa ridhaa yake. Cha juu cha kwetu kinafichwa, kwa sababu mwenye nyumba akijua hataridhika. Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Hakusema "umeomba kondoo, kondoo huyu hapa", kisha akatia dinari mfukoni. Naye Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake.

Wakulima wa Lukozi na Malindi hawahitaji kufafanuliwa haya. Kabichi inapanda lori kwenda Dar, usiku inapigwa simu: soko limeshuka. Limeshuka kwa nani, hujui. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu wa mjini kuuza kwa niaba ya mtu wa shamba, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alisema asiwe dalali wake. Pengo la habari kati ya mjini na shamba ndimo anamoonewa mtu.

Wala wauzaji tusijitakase. Dalali amemleta mnunuzi, mnunuzi ameipenda nyumba, mnapeana namba pembeni, mnamruka. Katika Hadithi Qudsi, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimlipe. Kumbe milioni mbili ulizookoa zina mwenyewe.

Na dalali anayesema, "Kuna mtu ametoa 45 asubuhi hii," na mtu huyo hayupo, hiyo ni najshi, imekatazwa waziwazi. Akitia na wallahi juu yake, amezidisha mzigo.

Nasema haya, na namwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu, mwombeni msamaha.

(Khatibu anakaa kidogo, kisha anasimama.)

Alhamdulillah, na swala na salamu zimfikie Mtume wa Allah.

Ndugu zangu, mwaka 2024 chama kikubwa cha madalali wa nyumba Marekani kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wauza nyumba. Huko desturi ilikuwa asilimia tano au sita, na muuzaji alijikuta akimlipa hadi dalali wa upande wa mnunuzi. Wenzetu wana mawakili na mikataba minene, na bado swali lilikuwa lilelile: nani anamlipa nani, na je, aliambiwa? Huku dalali mmoja hula huku na huku. Akichukua pande zote mbili, pande zote mbili zijue.

Basi andikeni. Suratul-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Karatasi moja inatosha: bei ya chini, ujira wa dalali, na kwamba unalipwa mauzo yakikamilika. Ukiwapa madalali watatu, andika kuwa mwenye ujira ni aliyemleta mnunuzi aliyelipa. Pesa ya kuonyesha nyumba, kama ipo, itajwe kabla ya kupanda mlima.

Yapo mambo ambayo dalali hawezi kukuhalalishia. Nyumba ya marehemu haiuzwi na kaka mmoja kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kijijini. Dada aliyeolewa Korogwe ana fungu lake katika Suratun-Nisaa, na msimamizi wa mirathi anathibitishwa mahakamani. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema hivyo. Ardhi ya kijiji ina halmashauri ya kijiji. Kiwanja cha bondeni kando ya kijito, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, hata kama dalali anasema "hapa maji hayana shida". Na ukuta uliopasuka masika yaliyopita, utaje mwenyewe kabla mnunuzi hajaegemea.

Mwenye nyumba ya kuuza na dalali wake waliomo humu: Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza na kununua msikitini. Mazungumzo yawe nje ya uzio, baada ya salamu.

Ewe Mola, wape wauzaji wetu ukweli, wape madalali wetu riziki wanayoweza kuitaja hadharani, wahifadhi mayatima wasiuziwe nyumba zao, na utuletee mvua isiyobomoa. Amin. Aqimis-swala.