Istilahi na Dhamana ya Mwenye Kuita Jina

Mbunaji wa istilahi huulizwa mara nyingi kama neno lake ni sahihi. Ni nadra sana kuulizwa kama neno hilo ni la haki. Katika makala haya mafupi tunakusudia kulitazama swali hilo la pili kwa kutumia mfano wa taaluma ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haina uhusiano wowote na maadili, nayo ni taaluma ya kusimamia makundi ya mashine pepe. Tumeuchagua mji wa Kigali kuwa mahali pa kulipimia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Na lugha iliyokuwa ikisikika zaidi Biryogo, Nyamirambo na masokoni, sasa inatakiwa madarasani na maofisini. Pili, Kigali ni mji unaojua, kuliko miji mingi, jina linaweza kutenda nini.

Yafaa kwanza tueleze mambo yenyewe. Mashine pepe ni programu inayofanya kazi kana kwamba ni kompyuta kamili, ilhali imo ndani ya kompyuta nyingine ya chuma. Fikra hii si ngeni: kampuni ya IBM iliifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wake ulioitwa VM/370. Kompyuta ya chuma huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Msimamizi anayewagawia wageni kumbukumbu na zamu za kazi ni haipavaiza. Kompyuta nyingi zikiunganishwa zifanye kazi kama moja, kundi hilo twaweza kuliita kichala, kwa kuwa hushikana kama matunda katika kikonyo kimoja. Na kila kompyuta iliyomo ni nodi. Nodi hupelekeana ishara kila baada ya muda mfupi, nazo huitwa mapigo ya moyo. Mawasiliano yakikatika na kundi likagawanyika, ni upande wenye akidi tu ndio wenye mamlaka ya kuendelea kuamua.

Tazama jinsi lugha yetu ilivyokuwa tayari. Akidi tumeitumia vikaoni siku zote. Mwenyeji na mgeni wana adabu zao, na mwanafunzi aliyelelewa kwa methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" hahitaji maelezo marefu ili atambue kwamba mgeni hana mali yake mle nyumbani, hutumia ya mwenyeji. Hata jina la Kubernetes, programu ya kusimamia makundi ya kompyuta iliyotolewa na Google mwaka 2014, ni neno la Kiyunani lenye maana ya rubani wa chombo. Na rubani wetu naye alihama kutoka jahazini hadi kwenye ndege bila kupoteza heshima yake.

Lakini si maneno yote yenye heri hiyo. Kwa miaka mingi Waingereza na Wamarekani wameiita kompyuta inayoamuru "bwana", na ile inayofuata "mtumwa". Mwaka 2003 Kaunti ya Los Angeles, Marekani, iliwaomba wauzaji wa vifaa waache majina hayo; na mwishoni mwa mwaka 2020 Kubernetes nayo ilianza kuliacha neno "bwana". Wako waliocheka, wakasema kwamba chuma hakina uchungu. Ni kweli, hakina. Lakini istilahi haisemwi kwa chuma. Husemwa kwa mwanafunzi. Katika pwani yetu soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaendelea kuwa halali visiwani humo hadi mwaka 1897. Neno "mtumwa" kwetu halijawa bado tamathali tupu.

Aidha, neno hilo halielezi kazi inavyotendeka. Nodi ya pili hunakili kumbukumbu za ile ya kwanza, na ya kwanza ikianguka, ya pili hupandishwa ikashika nafasi yake. Ni mtumwa gani aliyekirithi kiti cha bwana wake kwa utaratibu uliowekwa? Tukisema "asili" na "nakala" tumesema kweli zaidi, na hatukumjeruhi mtu.

Tufike sasa kwenye neno zito zaidi. Katika taaluma hii mna kanuni ambayo kifupisho chake cha Kiingereza ni STONITH. Tafsiri yake ya neno kwa neno ni kumpiga risasi ya kichwa nodi mwenzako. Waliolibuni walifanya mzaha. Hebu tumfikirie mwalimu wa Kigali akiliandika ubaoni kwa Kiswahili. Katika mji huo redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, iliwaita watu "inyenzi", yaani mende, na katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi kuua kuliitwa "kazi". Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa yale waliyoyaeneza kwa redio na gazeti. Hatulinganishi mzaha wa mafundi na uovu ule. Kufanya hivyo kungekuwa kuwakosea heshima waliokufa. Tunasema tu kwamba mahali ambapo maneno yalitangulia mapanga, mzaha huo hauna mahali pa kukaa.

Je, tukiubadilisha tutakuwa tumeficha ukweli? Hasha. Nodi isiyojibu huenda bado inaandika katika diski ya pamoja. Zikiandika mbili bila kuafikiana, kumbukumbu zitaharibika. Kwa hiyo hukatiwa umeme, au hufungiwa njia ya kuifikia diski, na baadaye huweza kuwashwa ikarudi kundini. Hicho ni kitendo cha kutenga. Atatokea wa kusema kwamba kutengwa nako kunauma, na atakuwa amesema kweli. Hakuna neno lisilo na kivuli. Hata hivyo, "kutenga" hueleza kitendo bila kukifurahia.

Upo pia msemo kwamba seva za leo zisiwe kama wanyama wa kufugwa nyumbani, wenye majina na wa kuuguzwa, bali ziwe kama ng'ombe: zipewe nambari, na iliyougua iondolewe. Nchini Rwanda mfano huu husema kinyume cha ulichokusudia. Ng'ombe wa inyambo kila mmoja alikuwa na jina lake, akasifiwa kwa utenzi uitwao amazina y'inka. Na tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka huzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja. Mwanafunzi akiambiwa aitunze seva kama ng'ombe, ataibembeleza! Afadhali tumwambie kwamba ni kama matofali ya ukuta, ambayo likipasuka moja hutiwa jingine. Basi ufasiri wa neno kwa neno, unaosifiwa kuwa ndio uaminifu, hapa umezaa uongo.

Wapo wenzetu watakaopinga kwamba mwanafunzi atayakuta maneno hayo katika vitabu vya Kiingereza, kwa hiyo kuyaepuka ni kazi bure. Tunakubali kwamba ni lazima ayajue, na mwalimu amfundishe pamoja na historia yake. Lakini dhamana ya mtumiaji si sawa na dhamana ya mbunaji. Mtumiaji amelikuta neno. Mbunaji ndiye anayeliingiza nyumbani, na litaendelea kusemwa na watoto ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila istilahi, kabla ya kupitishwa, ipimwe kwa maswali mawili: Je, yaeleza kazi kama inavyotendeka? Na je, aliyeumizwa na jambo linalotajwa aweza kuitamka darasani bila kuinamisha kichwa? Ikishindwa swali lolote kati ya hayo, kamati irudi mezani.