Aliye Juu Amchunge Aliye Chini

Wanangu, nimesikia tiketi mmeshakata: Aprili mnakwenda Zermatt, Uswisi, kuteleza kwa skii. Hongereni. Sisi wazee wenu theluji tuliijua kwa kuitazama kileleni Kibo kupitia dirisha la basi la Moshi. Kuikanyaga tumeikanyaga ukubwani huku Ulaya, na nimeanguka sana. Basi nisikilizeni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huko guu ni guu kweli, si fumbo.

Magari ya petroli hayaingii Zermatt. Lenu mtaliacha Täsch, mpande treni. Mkifika, Matterhorn yenye mita 4,478 itawaita. Itazameni, kisha nendeni kwanza kwenye duka la kukodi skii. Mkiulizwa uzito, semeni kweli. Binti, usipunguze kilo tano. Kijana, usijifanye bingwa. Kwa uzito, kimo, umri na ujuzi wenu ndivyo fundi anavyokaza kifungo kinachoshika kiatu. Kikikazwa kupita kiasi, siku ya kuanguka skii haiachii mguu, na goti ndilo linaloachia.

Theluji ya majira ya kuchipua ina saa zake. Usiku inaganda, na asubuhi na mapema ni ngumu kama sakafu. Jua likipanda, juu yake panalainika kidogo, na hapo ndipo penye utamu. Alasiri inageuka uji mzito unaonasa skii, na kwenye miteremko mikali ikilowa huweza kuporomoka. Kwa hiyo laleni mapema, anzeni mapema, na mchana mkae barazani na kitu cha moto. Miwani ya jua msivue, maana theluji mpya hurudisha miale inayounguza hadi asilimia 80. Weusi wetu si mwavuli. Pakeni mafuta ya kukinga jua, hata chini ya kidevu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Nilipompeleka mama yenu mlimani mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimeshajua mawili matatu, yeye ndiyo kwanza amemaliza mafunzo ya siku mbili. Njia za huko zina rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ya wastani, nyeusi ya mabingwa. Nikampitisha nyekundu, saa tisa alasiri, theluji imeshakuwa uji. Nikateremka mbele, nikasimama chini nikigonga theluji kwa fimbo kumhimiza. Akavua skii, akazibeba begani, akashuka kwa miguu pembeni mwa njia, kila hatua akizama hadi gotini. Aliponifikia, alinipita bila neno. Chakula cha usiku ule tulikula kwa sauti ya vijiko tu.

Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni: anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye chini, kwa kuwa wa chini hana macho kisogoni. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Mlimani, aliye juu ndiye mlinzi. Anayejua zaidi abaki nyuma, mwenzake atangulie kwa mwendo wake.

Matterhorn yenyewe ina ushahidi. Mwaka 1865 watu saba, Edward Whymper akiwa mmoja wao, walikuwa wa kwanza kukifikia kilele chake. Wakati wa kushuka, mwenye uzoefu mdogo kuliko wote aliteleza, akawavuta waliofungwa naye kamba moja, na wanne wakafa. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kwa hiyo mmoja wenu akisema amechoka, kuteleza kwa siku hiyo kumekwisha, bila mjadala wala mzaha. Treni ya Gornergrat inapandisha na kushusha watu tangu 1898, na aliyeshuka nayo hajapungukiwa na kitu.