Mwanafunzi wa Sheria na Mkubwa Wake

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, huenda nawe una kijana aliyemaliza kusoma sheria chuo kikuu, ukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza. Katika Tanzania Bara, atakaye uwakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Na katika mafunzo hayo hupelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili, akae chini ya wakubwa. Mtoto wa Tanga au Bagamoyo aweza kujikuta Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, kule mpakani na Rwanda, au katika Wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Usishtuke kwa umbali. Watu wa pwani walifika huko kwa miguu katika karne ya 19, wakawa na makazi ya biashara pahala paitwapo Kafuro, zama za Mfalme Rumanyika. Niulizalo ni hili: umemfungia nini kijana wako katika sanduku lake?

Kwanza mfungie adabu ya kusikiliza. Huko atakutana na mjane aliyetoka kijijini alfajiri, ajuaye Kinyambo kuliko Kiswahili, na shauri lake ni kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba. Kibanja ni chakula, na ni makaburi ya wazee, na ni heshima ya ukoo. Asiyelijua hilo ataandika maneno mazuri ya chuoni, naye hajaelewa analolililia mama yule. Na haki ya mwanamke katika ardhi ya ukoo ni jambo lililogombewa sana mkoani Kagera. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikata shauri lililotoka mkoa huo, la mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa wasia. Jamaa yake alipinga kwa hoja ya mila. Jaji akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama aliyo nayo mwanamume.

Pili mfungie uaminifu. Asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufani mahakama ya wilaya. Karatasi moja iliyosahauliwa chini ya daftari yaweza kumkosesha yatima haki yake. Kadhalika, asemayo mteja ofisini yasitoke kwenda barazani, wala kijana asipokee kitu kwa mteja kwa kificho.

Hayo ni mepesi. Zito ni hili lifuatalo. Tuseme ndugu za marehemu wamemwendea wakili mkubwa, naye amwambia kijana: "Andika hati ya kiapo, useme marehemu hakuacha mke." Na kijana jana ameona cheti cha ndoa katika jalada. Afanyeje? Akikataa ataambiwa hana adabu, na taarifa ya mafunzo yake imo mikononi mwa mkubwa huyo. Akiandika, mjane na wanawe watatolewa katika kibanja chao.

Wako watakaosema: na avumilie, kwani Nabii Musa (A.S.) alipofuatana na Khidhri aliona jahazi latobolewa akakataza, kisha ikadhihiri kuwa mwenziwe alijua asilolijua yeye. Ni kweli, na kisa hicho chatufunza kuuliza kabla ya kulaumu. Huenda baada ya ndoa ile palikuwa na talaka. Huenda cheti ni cha mtu mwingine mwenye jina lile lile. Basi kijana na amwendee mkubwa wake faraghani, si mbele ya mteja, amwambie kwa upole: "Mzee, nimeona cheti hiki. Nifahamishe."

Lakini Khidhri alitenda kwa amri ya Mola wake, na katika mawakili wetu hapana hata mmoja ateremshiwaye wahyi. Mkubwa akishindwa kueleza, au akacheka akasema ndiyo kazi yenyewe, hapo utii umefika mpaka wake. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa fundi zaidi wa hoja, akahukumiwa haki isiyokuwa yake, na kwamba achukuaye haki hiyo achukua kipande cha moto. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mwenye kushinda, je, huyo aliyemuuzia ufundi wa maneno? Na aseme: "Mzee, hili siwezi kulitia mkono wangu, nipe kazi nyingine." Wala asitoke akatangaza siri za mteja mitaani. Akifukuzwa, riziki ni ya Mwenyezi Mungu.

Nanyi wakubwa, msijitoe. Imamu Abu Hanifa alikuwa na mwanafunzi maskini, Abu Yusuf, na yasimuliwa kuwa alimsaidia kwa mali yake apate kusoma. Abu Yusuf akaja kuwa Kadhi Mkuu zama za Khalifa Harun Rashid. Alikhitalifiana na mwalimu wake katika masuala mengi, wala hakuacha kumheshimu, na vitabu vya madhehebu yao vimehifadhi kauli za wote wawili. Mkubwa amfanyaye mwanafunzi kuwa wa kubeba mafaili na kuleta chai hajamfundisha kitu. Na amfundishaye kuitikia "ndiyo" tu, amefuga kasuku.

Basi mzazi, umfungapo kijana wako mzigo wa safari ya Karagwe, umtie shati jeupe na viatu vizuri, lakini umwambie na neno hili: mkubwa wako mtumikie, mbebee mzigo wake, usimtangulie kwa maneno; ila siku atakapotaka uongo wako, mpe heshima yako na umnyime kalamu yako. Siku ya Kiyama mkono wako ndio utakaoshuhudia, wala mkubwa wako hatakuwapo kukutetea.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na ujasiri wa kuisimamia haki. Amin.