Mlango Ukifungwa, Nani Hubaki Nje?

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mwenye duka anapokomea mlango wake tunasema amefunga. Na Mwislamu anapojizuia kula na kunywa tangu alfajiri hadi magharibi, naye pia tunasema amefunga. Neno ni moja, matendo ni mawili. Upo mwezi mmoja katika mwaka ambao mtu mmoja huyatenda yote mawili kwa siku ile ile, naye ni Mwislamu mwenye mkahawa mdogo. Hapo ndipo linapozuka swali tunalotaka kulipima: je, kufunga mlango ni haki ya mwenye mlango peke yake, au liko deni analodaiwa na wale wanaobaki nje?

Tuchukue mfano wa Biryogo, katika eneo la Nyamirambo mjini Kigali. Huo ni mtaa wa kale wa Waislamu na wasemaji wa Kiswahili, ambao historia yake inafika wakati wa ukoloni, wafanyabiashara Waislamu walipotengewa makazi yao mbali na wengine. Kiswahili, kilichohesabiwa kwa miaka mingi kuwa lugha ya mtaa huo na ya sokoni, kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Siku za kawaida mtu hupata huko chai, chapati, sambusa na maharage tangu asubuhi. Mwezi wa Ramadhani unapoandama, mikahawa mingi ya Waislamu hukaa kimya mchana, kisha hufunguliwa jioni kwa futari.

Wala Ramadhani si msimu pekee wa kufunga mjini humo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka hufungwa kwa ajili ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, ambayo iliwekewa utaratibu kwa sheria ya mwaka 2007. Tarehe 7 Aprili, nchi inapoanza wiki ya kuwakumbuka Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, biashara nyingi husimama. Mwaka 2024 misimu hiyo miwili ilikutana, kwani maadhimisho ya miaka 30 yaliangukia siku za mwisho za Ramadhani. Saa tatu za kazi, siku ya maombolezo, mwezi mzima wa saumu: vipimo ni tofauti, lakini mlango uliofungwa hutangaza jambo moja, kwamba lipo lililo bora kuliko faida ya siku ile.

Wako watakaosema kwamba hakuna la kujadili hapa. Mkahawa ni mali ya mwenyewe. Akitaka atafungua, asipotaka atafunga. Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mbali. Mkahawa wa mtaani haukusimama kwa fedha za mwenyewe tu. Umesimama pia kwa mazoea ya watu: dereva wa pikipiki anayekunywa chai yake hapo kila asubuhi, fundi asiye na jiko, mgeni aliyeteremka basi na kuelekezwa huko. Watu hao wamepanga siku zao kwa kuutegemea mlango ule. Hawakuununua, lakini si haki kuwachukulia kama wapita njia tu.

Wengine watasema kinyume chake: desturi ni desturi, na kila mmoja aifuate, apende asipende. Huko Zanzibar, mwezi Machi 2024, polisi waliwakamata watu waliokutwa wakila hadharani mchana wa Ramadhani. Hatubishi kwamba heshima ya mwezi ni jambo kubwa. Lakini dini yenyewe imewaruhusu msafiri na mgonjwa wasifunge, na mtoto mdogo halazimiki. Licha ya wale ambao si Waislamu kabisa. Ikiwa sheria ya saumu imewakumbuka hawa, yafaa desturi ya mlango nayo iwakumbuke. Mwenye mkahawa anayefunga mlango wa mbele na kuacha dirisha la nyuma kwa mama mwenye mtoto anayelia hajavunja heshima yoyote.

Hata hivyo, mwenye njaa anayepita si yeye anayeumia kuliko wote. Kigali ni mji mkubwa; akikosa hapa atapata kule. Anayeumia zaidi yumo ndani ya mkahawa wenyewe, naye ni yule anayekanda unga, anayeosha vyombo, anayechota maji. Aghalabu huyo hulipwa kwa siku. Mlango ukifungwa saa tatu, hapungukiwi sana. Ukifungwa siku moja, hujibana. Ukifungwa mchana kwa siku 29 au 30, na kazi ya jioni ikawatosha wachache tu, nani analipa kodi ya chumba chake? Tajiri wake hufunga kwa hiari na kwa ibada; yeye hufungishwa.

Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na mwaka 1982 zikawa wiki tano. Mwenye mkahawa wa kijijini hubandika karatasi mlangoni akaenda zake likizo, na mpishi aliyemwajiri naye hupumzika kwa malipo. Wala wanaobaki nje hawakusahauliwa kila mahali: mjini Paris, kwa muda mrefu, waoka mikate hawakuruhusiwa kwenda likizo ya kiangazi wote kwa pamoja, bali walipangiwa zamu ili mkate usikosekane, mpaka sharti hilo lilipoondolewa mwaka 2015. Kumbe hata pale ambapo kufunga ni starehe, watu waliona kwamba kuna madeni ya kulipwa. Sembuse pale ambapo kufunga ni ibada?

Yamkini tajiri atajibu kwamba hutoa zaka ya fitri na sadaka mwezi ukiisha. Ni vyema, na Mungu amlipe. Lakini sadaka ni hisani, ilhali ujira ni haki. Wala deni la haki halilipwi kwa hisani. Njia ipo, tena si ngeni. Wanyarwanda wana ikimina, nasi wa pwani tuna upatu: watu huchanga kidogo kidogo na kupokezana. Mwenye mkahawa akiweka akiba kila wiki kwa miezi kumi na mmoja, mwezi wa kumi na mbili atafunga mlango bila kufunga jiko la mwenzake.

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Saumu imewekwa, pamoja na mengine, ili mwenye shibe amjue mwenye njaa. Ni ajabu basi kama kufunga kwetu kutaongeza njaa mahali ambapo haikuwapo. Walimu wenzangu, tunapofundisha vitenzi vyenye maana zaidi ya moja, tuwape wanafunzi neno hili kufunga. Wakishataja maana zake zote, tuwaulize: mlango ukifungwa, nani hubaki nje, na nani amlipe?