Siku Sita Zisizo Kwenye Daftari

Jumapili iliyopita tulikaa watu wanane kwenye baraza la nyumba moja hapa Nyamirambo, Kigali, birika la chai ya tangawizi katikati yetu, tukipanga kwenda kuhiji Kibeho kwa miguu. Sisi si chama wala kamati. Ni majirani tu tunaosali rozari pamoja kila Jumatano jioni. Daftari lilikuwa mikononi mwa kijana mmoja mhasibu, mtu mwema kabisa, anayeandika kwa kalamu mbili: ya bluu kwa mapato na nyekundu kwa matumizi. Giza lilipoingia, nyekundu ilikuwa imejaa ukurasa. Fulana zenye picha ya Bikira Maria kifuani na jina la kikundi mgongoni, 9,000 kila moja. Gari la kutufuata na mizigo, ambalo yeye mwenyewe angeliendesha. Vyumba vya kulala kwa siku tano. Maji ya chupa. Mpiga picha. Akajumlisha, akagawanya, akainua kichwa: faranga 65,000 kwa kila mtu.

Akauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye riziki yake ni kufua nguo za watu nyumba kwa nyumba, akasema hana. Akamaliza chai, akaosha kikombe chake mwenyewe, akaaga kwamba mjukuu yuko peke yake nyumbani. Kesho yake nikapata ujumbe kutoka simu ya jirani yake: "Mwaka huu sitakwenda. Mtaniombea."

Huyo mama ndiye aliyeleta wazo la kutembea. Tangu ujumbe ule uingie sijapata usingizi wa maana.

Kwa asiyeijua njia, ni hii. Unateremka Nyabugogo alfajiri, unapita Giticyinyoni, unavuka Mto Nyabarongo pale Ruliba, halafu unaanza kupanda Ruyenzi, na hapo ndipo utakapojua kama ulifanya mazoezi au ulikuwa ukiyasimulia tu. Usiku wa kwanza unalala Kamonyi. Wa pili Kabgayi, kwenye basilika ya matofali mekundu. Wa tatu Ruhango, mahali ambapo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi watu humiminika kumwomba Yesu wa Huruma. Wa nne mbele kidogo ya Nyanza, mji wa wafalme na wa maziwa. Wa tano Huye. Siku ya sita unaiacha barabara kuu, unashika ya Nyaruguru, kilima baada ya kilima, mashamba ya chai kushoto na kulia, mpaka Kibeho. Ni kama kilomita 160. Basi huzimaliza ndani ya nusu siku, na najua kuna msomaji ambaye tayari ananiuliza kwa nini basi tusipande basi. Huyo simjibu leo. Aliyewahi kwenda kumwona mtu kwa miguu anajua, na asiyewahi, maneno hayatamfaa.

Mhasibu wetu alitaka tufike tarehe 28 Novemba. Ana sababu: siku hiyo mwaka 1981, msichana wa shule aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa bwaloni hapo Kibeho akiwahudumia wenzake chakula cha mchana aliposikia sauti ikimwita. Wenzake walimcheka. Ilichukua karibu miaka 20 mpaka Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alipotangaza, tarehe 29 Juni 2001, kwamba maono ya Bikira Maria yaliyowatokea wasichana watatu, Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, yanaaminika. Marie Claire hakuwepo kuisikia habari hiyo. Aliuawa mwaka 1994.

Mama mfua nguo alitaka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Hakuwa na kalamu wala daftari, lakini sikilizeni hesabu zake. Novemba kuna mvua, na miguu iliyolowa ndiyo inayochubuka. Halafu mwezi huo watu wa kusini wamepanda lakini hawajavuna. Ukibisha hodi jioni unamkuta mwenye nyumba akihesabu maharage yaliyobaki, na kwa kuona haya atakupikia hayo hayo. Agosti ardhi ni kavu, maharage ya msimu wa pili yameshaanikwa na kupetwa, viazi vitamu vipo. Tena tarehe 15 ni mapumziko nchi nzima, kwa hiyo anayeishi kwa kibarua amepunguziwa siku moja ya hasara. Tukakubali Agosti mara moja. Tukamshukuru kwa busara zake, kisha tukamwandikia 65,000.

Kuna jambo jingine alilolisema siku ile, kwa sauti ya chini, mtu alipoeleza kwamba barabara ni ndefu. "Ile barabara naijua kwa miguu," alisema. Hakusema ni lini, na hakuna aliyemuuliza. Katika nchi hii mtu wa umri wake akisema anaijua barabara kwa miguu, unanyamaza na kumwongezea chai. Kibeho yenyewe ina kanisa ambamo watu waliuawa Aprili 1994, na uwanja ambapo Aprili mwaka uliofuata waliuawa wakimbizi wa kambi. Hakuna anayekwenda pale kama mtalii, hata akijidanganya na mpiga picha.

Nilikwenda kumsimulia jirani yangu mmoja wa Biryogo, mzee wa Kiislamu aliyekwisha kuhiji Makka. Nilitaka tu anihurumie. Badala yake akaniuliza swali la kifiqhi. "Kwetu hija ni faradhi kwa mwenye uwezo," akasema. "Na uwezo ni nini?" Nikajibu: nauli. Akatikisa kichwa. Nauli ni nusu tu. Uwezo ni nauli, na madeni uwe umeyalipa, na masurufu ya wale unaowaacha nyumbani mpaka utakaporudi. Mtu akimwacha mkewe na watoto bila unga, akaenda kuizunguka Al-Kaaba, amefanya nini? Kisha akanikumbusha mahujaji wa Afrika Magharibi, wale waliokuwa wakitembea kuelekea mashariki mwaka baada ya mwaka, wakifika Sudan wanashika jembe katika mashamba ya pamba ya Gezira ili wapate nauli ya kuvuka bahari. Wengine hawakufika kamwe. Wajukuu zao wako Sudan hadi leo.

Nilirudi nyumbani nikilitazama daftari kwa jicho jingine. Wanazuoni wa zamani waliandika kwenye hesabu kitu ambacho mhasibu wetu, pamoja na kalamu zake mbili, alikisahau: unga wa yule mjukuu.

Hebu tuhesabu. Tukiondoka tarehe 9 Agosti, tunafika tarehe 14 jioni, tunasali tarehe 15, tunarudi tarehe 16. Ukitoa Jumapili na sikukuu, mama yule anapoteza siku sita za kazi. Akipata wateja vizuri, siku moja humpa faranga 3,000. Siku sita ni 18,000. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya hija yake, kubwa kuliko chakula, kubwa kuliko nauli ya kurudi, na haimo kwenye daftari hata kwa penseli. Kwa nini haimo? Kwa sababu walioandika ni watu wa mshahara. Mimi ninapoondoka siku sita, natoa katika siku zangu 18 za likizo ya mwaka, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia kama kawaida. Sisi tulikuwa tunahiji huku tukilipwa. Yeye angehiji huku akikatwa.

Na sasa itazameni ile 18,000 tena. Ni fulana mbili.

Nilipopendekeza kwenye simu kwamba tumlipe siku hizo, rafiki mmoja wa kikundi, tena mtu wa sala kunizidi, akanijibu vikali. Alisema: ukimlipa mtu ili ahiji, hiyo si hija tena, ni kibarua. Sadaka inataka jasho la mwenyewe. Nikiri kwamba jibu lake lilinisumbua kutwa nzima, maana lina harufu ya ukweli. Lakini nikamuuliza: wewe mwezi wa nane nani atakulipa? Mwajiri wako. Je, hija yako itakuwa kibarua cha kampuni? Akacheka, kisha akanyamaza. Kama malipo ya likizo hayaichafui hija ya mwenye ofisi, sioni yanavyoweza kuichafua ya mfua nguo.

Akaja na hoja ya pili, hii ni nzito zaidi. Akasema, haya, futa vyumba vya kulipia kama unavyotaka. Mtalala wapi? Kwa wanakijiji maskini kuliko ninyi? Watu wanane wa mjini, wenye fedha za momo kwenye simu zao, wanakwenda kula viazi vya mkulima wa Ruhango kwa jina la Mungu?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu hija ya bei nafuu ina ubaya wake huo: mara nyingi unafuu wa mmoja hulipwa na mwingine. Wanaotembea kwenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni, kutoka pembe zote za Uganda, wengine Kenya, wengine hata huku kwetu, hupokewa njiani na parokia na familia ambazo nazo hazina kitu. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini mwenyeji wa kila mwaka huchoka, na hatamwambia mgeni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msafiri wa hija hulala usiku mmoja tu, basi hilo jembe halipati kamwe. Anaondoka alfajiri na baraka, mwenye nyumba anabaki na sufuria.

Kwa hiyo naona hivi. Paa tuliombe, chakula tujibebee. Ukumbi wa kanisa, darasa la shule iliyofungwa kwa likizo, sebule ya mtu: sakafu na kitenge vinatosha. Viazi vya kuchemsha, karanga, maandazi kwenye mifuko ya karatasi (ya plastiki, kila mtu anajua, imepigwa marufuku tangu 2008), chai tununue njiani. Na kila tunapolala njiani tuache faranga 1,000 kila mmoja, tukiziweka mezani bila hotuba. Viatu vitakuwa raba za caguwa, yaani mitumba, na hapa niseme kidogo: neno hilo tumelitoa kwenye Kiswahili, chagua, lakini tangu kodi ya mitumba ilipopandishwa 2016, kuchagua kwenyewe kumekuwa kwa mwenye nazo. Mwenye raba za zamani azitembelee hizo hizo. Kiatu kipya barabarani ni adui.

Gari je? Mizigo tutaibeba. Mtu akiugua kuna vituo vya afya njia nzima, na kila mmoja awe na mituweli, bima yake ya afya. Hatari kubwa ni malori, si ugonjwa, na gari la kutufuata haliondoi malori, linaongeza moja.

Nimepiga hesabu upya kwa kalamu moja. Chakula 12,000, nauli ya kurudi tumekadiria 7,000, za wenyeji 5,000. Jumla 24,000. Watatu kati yetu wanaishi kwa kazi ya kutwa. Siku zao sita, kwa kiwango cha mama yule, ni 54,000. Hizo wazigawane watano wenye mshahara, kila mmoja 10,800, kama tunavyochangiana kwenye ikimina, yaani upatu. Yaani mimi nitatoa 34,800. Nilikuwa tayari kutoa 65,000 bila kunung'unika ilimradi nipate fulana, kwa hiyo asije mtu akaniambia hapa kuna aliyeonewa.

Jana jioni nikaenda kwa mama mfua nguo na karatasi yangu. Nilimkuta anakunja mashuka ya watu. Nilimsomea mstari kwa mstari, kwa fahari kidogo, nikasubiri afurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, akalaza shuka, akaniuliza:

"Na wateja wangu?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Anafua katika nyumba nne. Akikosekana wiki nzima, mbili kati ya hizo zitaita mtu mwingine, na huyo mwingine akishaingia hatatoka. Fedha ya siku sita ni nzuri, alisema, asante sana, lakini siku ya saba atarudi kwenye nini?

Nikaitazama karatasi yangu. Ilikuwa na safu nyingi, na hakuna iliyosema hilo. Nikamwambia, bila kufikiri sana, kwamba asiwe na wasiwasi, nguo za nyumba zote nne zitafuliwa kwa zamu yake na kwa jina lake.

"Na nani?"

Nikamkumbuka kijana mhasibu. Ana nguvu, anapenda utaratibu, anashika muda. Na kwa kuwa gari limefutwa, wiki ile hana cha kuendesha. Mama alicheka mpaka akakaa juu ya mashuka, akasema kama ni huyo, basi aje mapema afundishwe kutenganisha nyeupe na za rangi.

Mkutano ni kesho kutwa. Bado sijamwambia.